Uzi: Kijana wa shule ndogo, wapinzani dhaifu. Unampimaje kwa ajili ya futiboli ya chuo Marekani?

#1 Ukingoni (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nazungumzia futiboli ya Kimarekani, ile ya mpira uliochongoka, si soka. Kila msimu wa usajili wa vyuo ubishi ni ule ule: kijana wa sekondari yenye wanafunzi 90 huko Nebraska au Texas Magharibi ana tachidauni 50 (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani), kila mchezo kaangusha watu 15, ila aliokutana nao ni vijana wa paundi 150. Upande mmoja unasema huyu ni almasi iliyofichika, mwingine unasema anaonea watoto. Wote wanatumia video zile zile.

Naomba wanaolijua jambo hili watufafanulie: kwenye video ya ligi dhaifu, kipi kinabaki kuwa kweli na kipi ni cha kutupa? Na unaanzia wapi?

#2 Jicho la Video

Mkuu, anza kwa kuweka takwimu kando kabisa. Yadi 2,500 za kukimbia dhidi ya timu zenye wachezaji 16 kila moja zinakueleza ratiba yake ilivyokuwa, si yeye ni nani. Tafuta vitu ambavyo mpinzani hana uwezo wa kuvibadilisha. Urefu wa mkono ni ule ule awe amesimama mbele ya nani. Saa ya riadha haijui kama shule ni ya daraja la 1A (shule ndogo) au 6A (shule kubwa). Nyonga zinageuka au hazigeuki. Ukishavikusanya hivyo ndipo urudi kwenye video kutafuta snapu (kila mpira unapoanzishwa) chache alizokutana na mtu wa kimo chake.

Omba mechi tatu nzima, si mkusanyiko wa vipande vitamu. Hudl, mtandao wa video za michezo, inamwezesha kocha kutuma mechi nzima kwa dakika chache, kwa hiyo anayekataa kutuma amekujibu tayari. Moja iwe dhidi ya mpinzani bora wa msimu, moja waliyopoteza, na moja ya mwisho wa msimu baridi imeshaingia na miili imechoka. Kila moja itazame mara mbili. Mara ya kwanza fuata mpira. Mara ya pili usimwondolee macho kijana hata mchezo ukiwa upande wa pili wa uwanja. Kwa kila snapu andika: alishinda, alishindwa, au hakuhusika.

Safu ya "hakuhusika" ndiyo yenye uhondo. Ligi dhaifu inamruhusu mwenye kipaji kupumzika snapu nyingi bila timu yake kuumia. Je, mpira ukienda mbali naye anakimbiza kwa njia ya mkato inayomkutanisha na mbebaji, au anatembea? Ila tahadhari: shule ndogo humchezesha kijana pande zote mbili, kushambulia na kulinda, pamoja na mipira ya kupigwa kwa mguu. Anaweza kufikisha snapu 120 usiku mmoja, wakati mwenzake wa shule kubwa anacheza 55. Uvivu na uchovu vinafanana sana kwenye video. Linganisha robo ya kwanza na ya nne: mvivu anatembea tangu robo ya kwanza, aliyechoka anaanza robo ya tatu.

Sasa nafasi kwa nafasi, na nitakaa zaidi kwenye mstari wa mbele (majitu yanayosukumana pale mpira unapoanzishwa) kwa sababu hapo ndipo watu wanadanganyika sana.

Jitu la futi 6 na inchi 5, paundi 270, likimsukuma mtoto wa paundi 165 hadi kwenye benchi la wapinzani, bado hujaona chochote. Hicho kipande kinapendwa mitandaoni na hakina maana. Tazama magoti kabla ya kugusana. Wengi wa ligi dhaifu husimama wima kwa sababu hakuna anayewaadhibu. Kama vifundo vya miguu na nyonga vinakunjika, hilo ni kosa la kufundishika. Kama kijana anainamia kiunoni kwa sababu viungo vya chini ni vigumu, mwaka mzima wa mazoezi unaweza usimbadilishe. Kipimo chake ni hiki: mtazame anapomfuata lainibeka (mlinzi wa wapinzani anayesimama nyuma ya mstari wao), kwenye uwazi. Kwa jitu, mtu mdogo mwepesi ndiye mpinzani mgumu. Akimfikia, akamgusa kifuani na kubaki naye hadi filimbi, miguu anayo. Kwa hiyo ligi ya watoto wadogo, ambayo watu wanaona haina la kumfundisha msajili, inakupa mtihani mzuri kabisa wa miguu ya mtu mkubwa.

Kwotabeki (mtupaji pasi anayeongoza mashambulizi) naye usimhukumu kwa pasi zilizofika. Mpokeaji akiwa wazi yadi 5 pande zote, pasi yoyote itafika. Angalia mpira unaachiwa lini: kabla mpokeaji hajageuka, au baada ya kuonekana yuko huru? Anayesubiri kuona ndipo atupe, chuoni atakuwa amechelewa kila mara. Nguvu ya mkono haihitaji mpinzani: tafuta snapu iliyoanzia alama za kushoto za uwanja, pasi ikaenda hadi mstari wa kulia, yadi 15 mbele. Ikipaa juu kama puto, andika. Ikinyooka, andika pia. Josh Allen alitoka Firebaugh, mji wa mashamba huko California, bila ofa hata moja ya Division I (ngazi ya juu ya michezo ya vyuo). Akapita chuo cha miaka miwili cha Reedley, akaenda Wyoming, na mwaka 2018 akachaguliwa wa 7 kwenye drafti (zamu za timu kuchagua vijana) ya NFL, ligi ya kulipwa. Mkono ule haukuota Wyoming.

Mabeki wa pembeni (wanaowakaba wapokeaji) na wapokeaji, tazama nyonga na mikono tu. Mengine yote ligi dhaifu inaficha.

#3 Baraka Tele

Jicho la Video, umenena. Swali langu ni kasi. Kila kijana ameandikwa anakimbia yadi 40 kwa sekunde 4.5. Tunaaminije?

#4 Saa ya Mkononi

Mkuu Baraka, usiziamini. Yadi 40 za kocha mwenye saa ya mkononi zina makosa mawili: kidole kinabonyeza baada ya jicho kuona mkimbiaji ameanza, kwa hiyo mwanzo unachelewa, na mwishoni kidole kinawahi mstari. Yote mawili yanapunguza muda. Kwenye riadha, muda wa mkono wa mita 100 huongezwa sekunde 0.24 ili ulingane na wa mashine. Sasa fikiria kosa hilo kwenye mbio fupi zaidi.

Badala yake tafuta matokeo ya riadha yaliyopimwa kwa mashine. Shule nyingi ndogo zina timu ya riadha, na mashindano ya wilaya na jimbo yana mashine. Mpokeaji au beki wa pembeni mwenye mita 100 chini ya sekunde 11 kwa mashine ana kasi ya kweli, awe anatoka shule ya watu 60 au 4,000. Soma pia upepo: ukizidi mita 2.0 kwa sekunde kutoka nyuma, muda huo umesaidiwa.

Kwa watu wakubwa, nenda kwenye tufe. Tufe la wavulana wa sekondari Marekani ni paundi 12 kila mahali. Kijana wa mstari anayerusha futi 50 ana mlipuko wa nyonga ambao hakuna kocha wa kumbambikia. Mieleka nayo ni dhahabu. Uzito wa juu unaishia paundi 285, na jimboni shule ndogo hukutana na wenye vipaji hata kama futiboli yao ni duni. Aliyefika mbali kwenye uzito wa juu anajua kushusha kiuno na kutumia mikono. Hayo ndiyo unayotafuta kwenye mstari.

Kama hana riadha, hesabu fremu. Mistari ya uwanja ipo kila yadi 5, sawa nchi nzima. Tafuta mbio ndefu iliyonyooka. Mwache akimbie yadi 20 za kwanza akolee mwendo, kisha pima yadi 20 zinazofuata. Anza kuhesabu mguu unapogusa karibu kabisa na mstari, maliza vivyo hivyo. Kwa video ya fremu 30 kwa sekunde:

fremu 68 ni maili 18 kwa saa (kilomita 29)
fremu 61 ni maili 20 (kilomita 32)
fremu 58 ni maili 21 (karibu kilomita 34)

Kukosea fremu 2 ni karibu maili 0.7, kwa hiyo pima mbio 3 au 4 uchukue ya katikati. Na kabla ya yote hakikisha video haijaharakishwa. Tafuta sehemu saa ya ubao wa matokeo inaonekana: sekunde 10 za ubao lazima ziwe fremu 300. Zikiwa 270, video imeharakishwa, achana nayo uombe nyingine.

#5 Uwanja Mfupi

Wakuu, mmesahau jambo kubwa. Shule ndogo nyingi hazichezi futiboli ya watu 11 hata kidogo. Kuna ya watu 9, kama South Dakota na Minnesota, ya watu 8 kama Idaho na Nebraska, na ya watu 6 ambayo Texas inayo kwa wingi. Kila moja inapotosha video kwa namna yake, na ukiitazama kwa macho ya watu 11 utakosea pande zote mbili, kumkweza na kumshusha.

Uwanja wa watu 11 ni yadi 100 kwa 53 na theluthi. Wa watu 6 ni yadi 80 kwa 40. Ili kupata zamu mpya za kushambulia, timu lazima isonge yadi 15 badala ya 10. Wote sita wanaruhusiwa kupokea pasi, hata aliyeanzisha mpira. Na aliyepokea snapu haruhusiwi kukimbia nao kuvuka mstari wa kuanzishia mchezo mpaka umepitia kwa mwenzake. Ndiyo maana yadi za "kwotabeki" wa watu 6 ukizilinganisha na za watu 11 utapata upuuzi. Timu ikiongoza kwa pointi 45 kuanzia mapumziko, mchezo unakwisha, kwa hiyo kijana bora anaweza kuwa na msimu wa nusu mechi nusu mechi. Hapo takwimu zake zinakuwa ndogo kuliko ukweli.

Watu 8, kwa kawaida mstari una watano na waliofutwa ni wale walinzi wawili wa pembeni (takle, wanaomkinga kwotabeki kwenye ncha za mstari). Kijana unayemtaka awe mlinzi wa pembeni chuoni hajawahi kucheza nafasi hiyo hata siku moja. Usitafute ufundi ambao mchezo wake haukuwa nao. Mtazame timu yake inapolinda: anavyoziba nafasi na kubadili mwelekeo.

Kwa lainibeka na mabeki, michezo hii ina faida: watu wachache, uwazi mwingi, kila kuangusha ni mmoja kwa mmoja. Usitazame wangapi kaangusha. Tazama hatua tatu za mwisho kabla ya kugusana: anapunguza mwendo na kukunja magoti, au anajirusha kwa matumaini?

Leighton Vander Esch alicheza watu 8 Riggins, Idaho, mji wa watu mia chache, akiwa kwotabeki na lainibeka, na kwenye mpira wa kikapu alikuwa moto. Boise State walimpokea bila ufadhili. Mwaka 2018 alipimwa na NFL akiwa futi 6 na inchi 4, paundi 256, akachaguliwa wa 19 na Dallas. Chad Greenway alitoka Mount Vernon, South Dakota, watu 9, akapitia Iowa, akawa wa 17 mwaka 2006. Rashaan Salaam alicheza watu 8 California na akashinda Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, akiwa Colorado mwaka 1994. Somo ninalochukua: mtazame kijana kwa kile mwili utakuwa, si nafasi anayocheza sasa. Mwanariadha bora wa shule ndogo anapewa ukwotabeki kwa sababu ndiye bora. Mara nyingi chuoni ni beki wa mwisho, lainibeka au taitendi (mpokeaji mkubwa anayesaidia pia kuzuia).

#6 Hesabu Kwanza

Napingana nanyi kidogo, kwa heshima. Mnataja waliofanikiwa tu. Ukikusanya akina Allen na Vander Esch utaona kama shule ndogo ni mgodi. Wako wapi mamia waliokuwa na mikono mirefu na riadha nzuri wakapotea kwenye daraja la pili?

247Sports, mtandao unaowapanga vijana kwa nyota, huweka nyota tano kwa vijana takriban 32 kwa mwaka, ili kufanana na nafasi za raundi ya kwanza ya NFL. Nyota tatu ni wengi mno kuliko hao. Ndiyo maana kila drafti unaona nyota tatu wengi waliochaguliwa, na watu wanapiga kelele kwamba nyota ni uongo. Gawanya kwa idadi yao: uwezekano wa nyota tano mmoja kuchaguliwa ni mkubwa zaidi kwa mbali. Ushindani mkali ni ushahidi. Beki wa pembeni aliyekaa na wapokeaji wa Texas 6A wiki 10 mfululizo amejibu maswali ambayo kijana wa 1A hajaulizwa.

#7 Jicho la Video

Hesabu Kwanza, hoja yako ni ya haki na sitaki ipotee. Hajaulizwa, kweli. Lakini kutoulizwa si kukosea. Kinachotakiwa ni kumuuliza, na mahali pa kumuulizia ni kambi za vyuo za mwezi Juni.

Ukimwona kambini, usihesabu alishinda mara ngapi mmoja kwa mmoja. Mzunguko wa kwanza atashindwa, maana hajawahi kuona mkono wa kasi vile. Kocha amrekebishe neno moja tu, kama "shusha mkono wa ndani", kisha tazama mzunguko wa tatu na wa nne. Aliyebadilika ndani ya dakika 20 ndiye wa kuchukua. Anayerudia kosa lile lile mara nne, ligi dhaifu imeshamjengea mazoea na kichwa hakipokei haraka. Hapo nakubali hofu yako.

Na mpime mwenyewe: soksi tu, ukutani, pamoja na upana wa mikono iliyonyooshwa. Urefu ulioandikwa kwenye programu ya mechi za shule hupanda inchi moja au mbili kirahisi. Kwa mlinzi wa pembeni, mkono wa inchi 33 na zaidi unafungua milango, wa 31 unamsogeza katikati ya mstari.

Tarehe ya kuzaliwa pia. Wa miaka 17 na wa miaka 19 wanaweza kuwa darasa moja, na yule wa 17 ana mwili ambao bado haujafika. Carson Wentz aliingia sekondari akiwa futi 5 na inchi 8, akamaliza na 6 na inchi 5. Waliomtazama mapema walimtazama mtu mwingine. North Dakota State wakampata, na mwaka 2016 akawa wa 2 kwenye drafti.

#8 Kambi ya Mjini

Tofautisheni shule ndogo na timu mbovu, wakuu. Shule ya mjini yenye wanafunzi 2,500 inayopoteza mechi zote 10 ni tatizo jingine kabisa. Huko wapinzani ni wa kweli, wachezaji wenzake ndio dhaifu. Mpokeaji anakuwa wazi mara 6 na mpira haumfikii hata mara moja, kwa hiyo takwimu zake ni sifuri na hakuna anayefungua video. Mlinzi wa mstari anashikilia mtu wake sekunde 3 safi, kwotabeki anakimbilia kifuani kwa adui, inahesabiwa kaangushwa.

Huko utazame kila mchezo peke yake na usahau matokeo yake. Kisha nenda robo ya nne, timu iko nyuma 42 kwa 0. Anayeendelea kukimbiza mbebaji hadi mstari wa pembeni katika hali hiyo amekuonyesha kitu ambacho bingwa wa ligi dhaifu hajawahi kupata nafasi ya kukuonyesha.

Mpigie kocha wa timu pinzani. Kocha wa kijana atamsifia, ni haki yake. Mpinzani muulize swali moja: "Wiki ile mlipanga mchezo wa kumkwepa nani?"

#9 Mama K.

Asanteni wote. Kwa mzazi mwenye kijana kwenye shule ya aina hii, afanye nini ili aonekane? Na hii mifumo mipya ya uhamisho imebadilisha nini?

#10 Saa ya Mkononi

Dada, imebadilisha mengi, na si kwa wema kwa vijana hawa. Tangu 2021 mchezaji wa chuo anaweza kuhama bila kukaa nje mwaka, kwa hiyo kocha akihitaji lainibeka ananunua muda: anamchukua wa miaka 21 aliyeshapimwa chuoni kuliko wa 17 wa kumlea. Kisha mapatano ya kesi ya House (wachezaji dhidi ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo), yaliyoidhinishwa Juni 2025, yameweka ukomo wa wachezaji 105 kwa vyuo vilivyojiunga nayo. Zamani vyuo vikubwa vilikuwa na ufadhili 85 na juu yake vikijaza vijana wasiolipiwa bila ukomo huo. Njia aliyopita Vander Esch imebanwa. Ndiyo maana ngazi ya FCS (tabaka la chini la Division I), Division II na vyuo vya miaka miwili si aibu kwa kijana wa shule ndogo. Acheze huko apate video dhidi ya wanaume, milango ya kuhama iko wazi kwake pia.

Cha kufanya. Masomo kwanza, kwa sababu hapa ndipo shule ndogo huwaponza wengi: Division I inataka masomo 16 ya msingi na wastani wa 2.3, na 10 kati ya hayo yawe yamekamilika kabla ya mwaka wa mwisho, 7 yakiwa Kiingereza, hisabati au sayansi. Shule yenye walimu wachache inaweza isitoe somo linalohitajika, au ikatoa somo ambalo halimo kwenye orodha iliyoidhinishwa na NCAA. Kagua orodha hiyo mwaka wa kwanza wa sekondari, maana mwaka wa tatu hakuna muda wa kurekebisha.

Video iwe dakika 3 hadi 4. Snapu 5 za kwanza ziwe dhidi ya mpinzani bora kuliko wote, hata kama hazina tachidauni. Mwonyeshe kwa duara kabla ya snapu, si wakati wa mchezo. Usiweke muziki, usiharakishe. Chini yake weka viungo vya mechi mbili nzima, muda wa riadha wa mashine, tarehe ya kuzaliwa, na alama za masomo. Kamera ipandishwe: video iliyopigwa kutoka usawa wa macho pembeni mwa uwanja haionyeshi nafasi kati ya wachezaji, na kocha wa chuo ataifunga kabla ya dakika moja. Juu ya jukwaa, au kwenye nguzo yenye kamera, wachezaji wote waonekane kwenye picha.

Juni aende kambi mbili au tatu za vyuo vya ngazi anayoweza kweli kuifikia, na aandikie kocha wa nafasi yake wiki mbili kabla. Kambi ya chuo kikubwa yenye vijana 600 ni picha na fulana tu kama hakuna kocha anayejua jina lake kabla hajafika.

#11 Uwanja Mfupi

Nyongeza kwa Mama K. Ambatanisha na video ya mpira wa kikapu, dakika moja tu. Kocha wa chuo anayemtazama kijana wa futi 6 na inchi 4 akiteleza pembeni kumzuia mlinzi mdogo mwepesi, kisha akaruka kudaka ribaundi, anaona nyonga na miguu ambayo mchezo wa watu 8 wakati mwingine haumpi nafasi ya kuionyesha.